Chai ya Mafundi wa Mfupani

Jumatatu, 3 Juni
Kliniki. Wiki sita tangu nilipoteleza jengoni na sufuria ya chai, na mkono wa kushoto bado uko kwenye plasta. Mfupa haujaunga. Daktari kauliza kazi yangu. Nikamwambia nawapikia mafundi wa ujenzi. Kafurahi! Kasema hata ndani ya mfupa kuna mafundi, wadogo wasioonekana kwa macho: wengine wanabomoa palipochakaa, wengine wanajenga. Sukari ikijaa kwenye damu, wajenzi hulegea. Nami nina kisukari mwaka wa tisa. Mfupa ukikataa kabisa, watanipasua waniwekee chuma. Chuma! Baada ya hapo sikusikia kitu.

Jumanne, 4 Juni
Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye anayepika jengoni badala yangu. Kapita kunijulia hali, eti. Kasema nipumzike tu, wifi yangu kipenzi, mafundi wamemzoea, hata hawaniulizii. Nikacheka kwa meno. Mnyapara akiamua abaki yeye, nimekwisha. Mkono huu lazima uunge. Nimesali nikiwa nimeinua mmoja tu. Mola anaelewa.

Ijumaa, 7 Juni
Mungu mkubwa! Mnyapara kapiga simu, analalamika. Wifi kawapunguzia mafundi sukari. Mmoja kamuuliza kama hii ni chai au maji ya kusuuzia vikombe. Ukuta uko palepale tangu juzi. Nimecheka hadi mkono ukauma.
Kisha nikawaza. Miaka yote jengoni sijaona fundi akipanda ngazi kabla ya chai tamu. Na hawa wangu wa mfupani, maskini, wamelegea: nani amewahi kuwapelekea kikombe? Miaka tisa nawabania!
Nimekunywa viwili. Vijiko vinne vinne. Kwa ajili yao.

Jumatano, 12 Juni
Kuna kitu kinatekenya chini ya plasta. Wako kazini! Kiu kali, chooni kila mara, macho yana ukungu. Baba watoto kaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hakuna jengo lisilo na vumbi. Hakucheka. Kopo la sukari kalificha juu ya kabati. Nimepanda stuli.

Jumatatu, 17 Juni
Kliniki tena. Sukari imepanda hadi muuguzi kapima mara mbili. Kwenye picha ufa uko vilevile, mweusi, kama mlango ulioachwa wazi.
Safari hii daktari hakutaja mafundi. Kasema sukari hung'ang'ania nyuzi zilizomo ndani ya mfupa, zikakauka, zikakakamaa. Kwa nje mfupa waonekana mzima, kumbe unavunjika kwa kishindo kidogo tu. Dawa mpya, plasta mpya. Nikirudi hivi tena, chuma.
Baba watoto alikuwepo. Hakunigombeza. Nyumbani kanifunga vifungo vya gauni la kulalia, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vizito, kisha kasema taratibu kwamba anaogopa. Neno hilo sijawahi kulisikia kinywani mwake, hata siku alipomzika mama yake.
Nimelia. Nimeapa mbele ya Mungu: mafundi hawapati tena hata tone.

Jumanne, 18 Juni
Nimeamka mtu mpya. Sala ndefu. Chai bila sukari, chungu kama dawa. Kiapo ni kiapo.
Lakini nimetafakari. Niliapa kuhusu mafundi. Nyuzi ni habari nyingine. Daktari mwenyewe kasema sukari huzikakamaza. Sasa jamani, kukakamaa si ndiko tunakokutaka? Nani anajenga kwa saruji laini? Kijana yule kasoma sana, lakini hajakaa jengoni.
Sinywi vikombe viwili. Nusu tu, ya kukazia.
Baba watoto kampa jirani kopo alitunze. Jirani ni mcha Mungu, hana moyo wa kumnyima mgonjwa. Namshukuru Mola aliyeruhusu uvunjike wa kushoto, akanibakizia wa kulia: ndio ninaoandikia, na ndio unaokoroga.