Dari ya Mita Ishirini

Tangu nianze kushika mwiko, sijaona mtu anayejua ujenzi kuliko yule bwana! Nimekuwa fundi mwashi kwa miaka ishirini na mbili, lakini mbele yake nilikuwa kama mtoto anayechezea matope.

Tulikuwa tunajenga nyumba nne zilizoshikana, ukuta kwa ukuta, zote chini ya paa moja. Yeye alinunua ya pili. Kila jioni alikuja na futi kamba kiunoni, kama askari na bastola yake. Tukambandika jina: Bwana Futi.

Shida ilikuwa chumba kimoja cha chini. Mkewe alikitaka kwa ajili ya mama yake, anayekuja kuishi nao. Bwana Futi alikitaka kiwe "ofisi". Ofisi ya nini? Usiniulize!

"Mama atakaa darini," akatangaza. "Na stoo yote itakuwa huko huko."

"Mama yangu hatakaa mahali pa kuinama," mkewe akamkata kauli. "Na hiyo mizigo yako yote itaenea wapi?"

"Niachie mimi!"

Kesho yake akapanda ngazi, akaingia kwenye tundu la darini. Akasimama katikati kabisa, pale paa linapofika kileleni. Sasa, Bwana Futi ni mfupi, tena mfupi haswa. Kwa hiyo akavaa kofia yangu ya ujenzi, eti kufidia kimo cha mama mkwe.

"Nasimama wima!" akapiga kelele. "Na toka mwisho hadi mwisho ni mita ishirini! Fundi, mita ishirini!"

"Bosi, ngoja nikueleze kuhusu hiyo dari..."

"Fundi, wewe panga tofali. Kupima ni kazi ya akili."

Lo! Nikapanga tofali.

Mkewe si mjinga. "Mume wangu, chini nyumba ina upana wa mita tano. Hizo kumi na tano zimetoka wapi?"

"Joto, mke wangu. Bati likipigwa na jua, dari inapanuka."

Nilikimbilia nyuma ya pipa la maji nikacheka huko. Baadaye nikajaribu tena kumweleza, akanionyesha kiganja. Basi nikafunga mdomo. Kwa hasira, sikatai.

Akachora mpango wake. Kitanda cha mama mwisho kabisa, kwenye utulivu. Kabati la nguo la mita sita. Rafu za mita nane za matairi, feni mbovu na magazeti aliyoanza kuyakusanya akiwa shule. Seremala akaleta mbao. Dawati la ofisi likaingia chumba cha chini, na Bwana Futi akalikalia siku nzima bila kazi yoyote.

Wiki iliyofuata nikapanda darini na tofali zangu kumalizia kazi iliyobaki: kupandisha kuta za kutenganisha nyumba na nyumba mpaka kwenye paa. Kwani alidhani wenzake watatu hawana dari?

Aliponikuta, ukuta ulikuwa umenifika kiunoni.

"Fundi! Unajenga ukuta katikati ya stoo yangu!"

"Bosi, huku ni kwako. Pale ulipopanga kitanda cha mama ni kwa yule mwalimu wa nyumba ya nne."

Akakaa juu ya boriti. Mita tano! Tena pa kusimama ni pale katikati tu. Pembeni paa linateremka mpaka magotini. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Mama mkwe akafika Jumamosi na masanduku yake. Mrefu huyo, mlangoni aliinama! Bwana Futi hakukata tamaa.

"Karibu mama! Juu kuna hewa safi, kuna utulivu..."

Mama akapanda vidato vitatu, akachungulia, akashuka taratibu. Akamtazama mkwewe kuanzia utosini hadi viatuni. Haikuchukua muda.

"Nasikia wewe huko unasimama wima."

"Ndiyo, mama! Tena na kofia!"

"Basi ofisi yako hiyo, mwanangu. Imekutosha."

Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi na seremala tukafungua dawati vipande vipande, tukalipandisha.

Juzi nilirudi kuziba ufa. Sauti ikatoka kwenye tundu, imebanwa na matairi: "Fundi, futi yangu umeiona?"

Nilikuwa naiona. Mama mkwe alikuwa chumba cha chini, anapimia mapazia.