Maana ya Maneno ya Kompyuta, Toleo la Pili

Mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na moja, kiwanda cha samaki cha Rech Maber kilihitaji mtu wa kupiga taipu tangazo la kazi. Karani wao alikuwa amekwenda matangani Bondo, na watu waendao matangani Bondo huwa hawana haraka ya kurudi. Wakamwita Zadock.

Zadock alikuwa na taipureta yake kibarazani karibu na posta ya Kisumu. Hapo aliwaandikia watu barua za maombi, viapo na, kwa waliojua kuuliza kwa sauti ya chini, vyeti vya shule ambazo walikuwa wameziona kwa dirisha la basi tu. Wengine walimwita tapeli. Yeye alijiita mwandishi.

Meneja wa kiwanda, Bwana Obiero, alimkalisha katika chumba ambamo kompyuta ya kwanza ya kiwanda ilikuwa imetolewa kwenye boksi na kufunikwa shuka nyeupe, kama maiti ya mtu mwenye cheo. Kando yake palikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza. Tangazo lilisema kwamba anatakiwa karani wa kompyuta, na kwamba mahojiano yatakuwa juu ya maneno ya kitabu hicho.

"Meneja, wewe unaelewa hii kitabu?" Zadock aliuliza.

Bwana Obiero aliutazama mlango kwanza. "Omera, ndugu yangu, hii kitabu inaeleza neno moja ngumu na maneno tatu ngumu zaidi. Lakini hedikota Nairobi wamesema lazima interview ifanyike."

Masikio ya Zadock yalisimama. Meneja alipotoka kwenda kugombana na dereva wa lori la barafu, Zadock alifunua kurasa za mwisho za kile kitabu, akakuta orodha: maneno mia na ishirini, kila neno na namba ya ukurasa wake, bila maana hata moja. Mtu mwingine angesikitika. Zadock aliona shamba lenye rutuba lisilo na mwenyewe. Aliyapiga taipu yote kabla lori halijaondoka.

Nyumbani kwake Kaloleni aliketi mchana mmoja akayapa maneno yote maana. Tumsifu panapostahili sifa, kazi haikuwa ndogo. "Menu", aliandika, ni chakula ambacho karani anaruhusiwa kula mbele ya mashine, hasa vikavu. "Backup" ni karani kurudi nyuma hatua mbili kabla ya kuwasha. "Cursor" ni mzee wa kampuni anayeitwa kuilaani mashine iliyokaidi, asiitwe Jumapili. "Default" ni kosa la karani, nalo hukatwa kwenye mshahara. Neno "memory" lilimsumbua kidogo, lakini mwishowe aliamua kwamba ni ndoto za mashine, kwa hiyo isiamshwe ghafla.

Akavitoa vijitabu kwa mashine ya kurudufu ya kanisa moja, akavitia jalada la kijani, na juu yake akaandika: Toleo la Pili. Toleo la kwanza halikuwahi kuwapo chini ya jua. Lakini Zadock aliwajua watu wake. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuziwa kitu.

Tangazo lilipobandikwa getini, wenye vyeti walilizunguka wakiwa wamekunja nyuso. Zadock alipita katikati yao na bahasha yake. "Hii imetoka Nairobi," alinong'ona, "lakini mimi sijakwambia." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyouza. Vijitabu arobaini viliisha kabla ya adhuhuri, na kimoja kilinunuliwa na dereva wa meneja, kwa sababu ambazo Zadock hakuuliza.

Mnunuzi mmoja tu alikifungua kabla ya kulipa. Huyu aliitwa Beldina Nabututu, mtu wa Bungoma aliyekuwa amefundisha nasari kule Kombewa hadi shule ikafungwa, na sasa akiuza mitumba.

"Bwana Zadock, hii 'cursor' kweli ni mzee wa kulaani?"

"Mama, kwani wazungu hawana wazee?"

"Na kama ni uongo?"

"Ingekuwa uongo, ingefika toleo la pili?"

Beldina aliliwaza hilo, akaona lina uzito, akalipa. Zadock alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Nyumbani alikuta barua. Nyumba ile ya baraza la mji ilikuwa kwa jina la marehemu baba yake, mtu wa reli, na sasa ofisi ya nyumba ilitaka jina la mtu aliye hai na mwenye kazi. Alete barua ya mwajiri kabla ya mwezi kwisha, la sivyo nyumba itapewa anayefuata kwenye foleni. Mama yake, Mama Aoko, alikuwa ameishi humo miaka thelathini na moja. Alikuwa amezaa watoto watano katika chumba cha ndani, na kuwalilia wawili katika chumba hicho hicho.

"Watanipeleka wapi, wuoda?" alimwuliza mwanawe.

Kwanza Zadock alifanya alichokijua. Aliandika barua nzuri ya kampuni, yenye mhuri na sahihi mbili. Afisa wa nyumba aliisoma, akaipenda, kisha akainua simu. Kampuni haikupokea, kwa kuwa haikuwapo.

"Leta ya ukweli," afisa alisema. "Hii nabaki nayo, nionyeshe wenzangu."

Kwa mara ya kwanza maishani Zadock alihitaji kazi ya kweli. Akiwa njiani kurudi, wazo lilimjia akasimama palepale barabarani. Kazi ilikuwapo, ile ya Rech Maber. Wote walioiomba walikuwa na uongo wake vichwani. Amewafunga miguu wapinzani wake wote, na kamba wamenunua wao wenyewe! Kilichobaki ni yeye kujua maana za kweli, na kiti ni chake.

Akamwendea Wanyonyi, fundi wa redio aliyewahi kufanya kazi ya kompyuta Nairobi. Wanyonyi hakutaka pesa. Alitaka barua tamu kwa baba mkwe wake, za kumtuliza kuhusu ng'ombe wa mahari waliochelewa. Kila barua ilinunua somo moja.

Na hapa likatokea jambo ambalo hata mimi nalisimulia kwa mshangao: Zadock aliyapenda masomo. Alijifunza kwamba "default" haikuwa kosa la mtu yeyote. Ni kile tu ambacho mashine itafanya usipoiambia vingine. Alilirudia akitembea, akalirudia akila. Kwa miaka mingi kila alichokisema kilimlazimu kukumbuka alimwambia nani. Hili halikumdai kumbukumbu yoyote. Alifurahi, na furaha hiyo ikamtia aibu kidogo.

Siku ya mahojiano alivaa suti ya marehemu baba yake. Mama Aoko alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea mpaka majirani wakasema amina. Kiwandani, waliomtangulia walitoka wakitabasamu, na Zadock akawahurumia kwa dhati.

"'Backup' ni nini?" Bwana Obiero aliuliza.

"Ni nakala ya pili ya kazi. Unaiweka kando. Ile ya kwanza ikiharibika, unatumia hiyo."

Meneja alichungulia mapajani mwake, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, akaandika jibu hilo na alama ya mkasi kando yake.

"'Menu'?"

"Ni orodha ya kazi inatokea kwa kioo, unachagua moja."

Alama nyingine ya mkasi. Mambo yakaendelea hivyo hivyo hadi swali la kumi. "Bwana Zadock, kwani hukusoma kabisa?"

Zadock alinyoosha shingo. Mapajani mwa meneja kulikuwa na jalada la kijani. Moyo wake ukamshuka hadi kwenye viatu vya baba yake. Ndiyo, mtahini naye alihitaji majibu ya kusahihishia, na angeyatoa wapi?

"Meneja, hiyo kitabu si ya kweli."

"Wewe umejuaje?"

Swali lilikuwa fupi. Jibu lake la kweli lilikuwa na kifungo ndani yake.

"Nimesikia tu."

"Watu thelathini na tisa wamejibu kitu moja. Thelathini na tisa watakosea aina moja?"

Hoja ilikuwa nzuri. Zadock mwenyewe angeitumia. Basi, akiwa hana njia nyingine, akaamua kurudi kwenye uongo wake.

"Niulize ingine, Meneja. Nimekumbuka."

"Haya. 'Cursor'?"

Aliutafuta uongo huo kichwani asiupate. Alikuwa ameutunga mchana mmoja na kuuuza bila kuusoma tena, na ukweli ulikuwa umekalia nafasi yake. "Ni mdudu," alijaribu, "wa kukula karani?"

"Hata hujakaribia," Bwana Obiero alisema kwa huruma. Njia ya mwongo ni fupi, na hapo ndipo ya Zadock ilipoishia.

Kazi ilimwendea Beldina, ambaye aliyataja yote mia na ishirini bila kupumua.

Mwezi uliisha. Mama Aoko alikaa juu ya sanduku lake nje ya mlango, sahani zikiwa zimefungwa katika leso. Hakumgombeza mwanawe, na hilo ndilo lililomuuma Zadock kuliko yote. Kisha mpangaji mpya akatokea nyuma ya mkokoteni wa vyombo, mtu aliyekuwa kwenye foleni ya nyumba miaka sita akikosa tu barua ya mwajiri. Alikuwa Beldina.

"Wewe!" Beldina alisema. "Siku tatu nimerudi nyuma hatua mbili mbele ya ile mashine. Siku tatu! Watu wa kukata samaki walikuwa wanakuja kuniangalia."

Zadock aliitazama barabara, akaona ni mbali mno kukimbilia.

"Siku ya nne nikafungua faili ya wenye wameanguka. Nikapata karatasi yako. Nikajaribu majibu yako moja moja. Mashine ikasikia zote."

Zadock alijisikia fahari kwanza, hofu ikafuata.

"Sasa niko na maneno kumi. Imebaki mia na kumi. Mama atabaki kwa chumba chake, hiyo sibishani. Wewe utalala jikoni. Kila jioni unanifundisha maneno tano, ya kweli."

"Na nikikataa?"

"Nitaita wale wengine wote walinunua. Mpaka leo wanasema kijitabu ni kizuri, ni wao hawakusoma vizuri. Nitawaeleza."

Wakarudisha sanduku ndani. Mama Aoko alishika mikono ya Beldina akalia kwa furaha waziwazi, kisha akaenda kupanga sahani zake. Jioni hiyo, chai ikiwa mezani, Beldina alifungua daftari.

"'Default'," Zadock alianza, na sauti yake ikalegea, maana neno hilo alilipenda kwa kweli. "Ni kile mashine itafanya kama wewe hujaiambia kitu ingine."

Beldina alishika kalamu. Kutoka chumba cha ndani Mama Aoko akamwita Beldina kama mwanawe, "Nyathina, usiandike kwanza! Muulize tena kesho, uone kama atajibu vile vile."