Utepe wa Kajitani na Ndizi za Kilomita ya 34

Alhamisi, 20 Novemba
Orodha ya wanaojitolea kwenye mbio ndefu za mji wetu imetoka. Mimi, Unno Hirotaka, dereva wa basi mstaafu, nimepangiwa meza ya ndizi, kilomita ya 34. Ndizi! Utepe wa kumalizia, palipo kamera za televisheni, kapewa Kajitani kinyozi. Mwaka wa nne mfululizo! Kanipigia simu kunipa pole. Pole yenye kicheko ndani.

Ijumaa, 21 Novemba
Nimempelekea Bi. Shigeno, msimamizi wetu, vitumbua vya mchele vyenye maharage matamu, ili anihamishe. Kala vitatu. Kasema mtu mwenye mkono mzuri wa chakula namna hii ni hasara kumweka kwenye utepe. Kanipandisha cheo: mkuu wa ndizi.

Jumamosi, 22 Novemba
Mazoezi ya utepe yalikuwa saa saba. Kajitani nilimwambia saa tisa. Hakutokea! Nikajitolea, kwa unyenyekevu mkubwa. Naibu meya akaigiza mshindi, akaja mbio. Nikasahau kuachia. Utepe ukamnasa kifuani, akaenda chini miguu juu. Bi. Shigeno hakupaza sauti. Alimwinamia naibu meya mara sita, kisha akanikabidhi pia mifuko ya maganda ya ndizi.

Jumapili, 23 Novemba
Naandika miguu ikiwa ndani ya beseni. Nimeshinda!

Mvua tangu alfajiri, baridi ya kukata masikio. Wakimbiaji vidole vilikufa ganzi, hawakuweza kumenya. Nikawamenyea, nikawatia mdomoni kama makinda. Mamia!

Saa nane na nusu akabaki mmoja, Bi. Odagiri, muuza tofu, ile jibini ya soya, miaka sabini na minne. Aliketi juu ya kasha langu akilia. Mara mbili ameshindwa mahali hapa hapa, na daktari kasema mwaka huu ndio wa mwisho. Nyuma yake, basi la kuzoa waliochelewa likijongea taratibu. Kizuizi cha kilomita ya 35 kingefungwa baada ya dakika kumi na mbili.

Nikawaza: kamera humpenda bibi kizee. Na aliye kando yake! Nikamwonyesha ndizi, nikaanza kurudi kinyumenyume.

"Njoo mama, njoo uichukue!"

"Unanifanya nyani, wewe?" Akasimama. "Ngoja nikutie mkononi!"

Ndipo nilipogundua kwamba anaweza kukimbia. Nikageuka, nikakimbia kweli. Kizuizi tukakipita zikiwa zimesalia sekunde tisa. Aliendelea kunitukana kilomita saba nzima, mimi na aproni yangu na glavu za plastiki. Watu barabarani wakapiga makofi wakilia.

Utepe ulikuwa umenyooshwa upya kwa ajili yake, Kajitani kaushika. Breki sikuwa nazo. Nikaukata mimi! Uwanja ukalipuka. Bi. Odagiri akanifikia, akanipiga kofi la mgongo, kisha akanikumbatia akilia, hadi nami nikalia.

Jumatatu, 24 Novemba
Picha iko ukurasa wa kwanza: Bi. Odagiri, Kajitani, na kiwiko changu. Kiwiko kizuri. Bi. Shigeno kapiga simu, kanishukuru, kisha kaniomba, kwa heshima zote, mwakani nipumzike nyumbani.

Sawa. Machi kuna mashindano ya kuogelea ya mkoa, na wanatafuta waokoaji wa kukaa kando ya bwawa, mbele kabisa ya kamera. Fomu nimeshaituma. Penye ujuzi nimeandika: mpiga mbizi hodari.

Kesho nitauliza mahali wanapofundisha kuogelea.