Leseni ya Kungoja Bonus

Joram Kuria alikuwa amekunywa nusu kikombe cha chai kwa hoteli moja karibu na steji ya Kericho, na hiyo nusu ingine alikuwa anaivuta polepole, maana kikombe kikiisha mwenye hoteli atakuja kusimama kando yake. Hapo ndipo redio ikasema maneno matamu.

"Kaunti inataka leseni za biashara zilingane na hali ya kila eneo. Kila soko lifanye mkutano, liandike maoni yake, liyalete ofisini. Fomu ni za bure."

Wengine wote pale ndani walisikia habari. Joram alisikia pesa. Na neno lililomgusa kabisa ni hilo "bure". Kitu cha bure ndicho rahisi kuuza, kwa sababu hununui stoki.

Usimhukumu haraka. Joram alikuwa mtu wa kazi. Alikuwa na kinyozi yake hapo town: vioo viwili, kiti cha kuzunguka, na picha za vichwa ukutani. Shida ni kwamba alinyoa watu miaka miwili bila leseni, mpaka watu wa leseni wa kaunti wakaja na mnyororo. Sasa mashine zake zilikuwa zimefungiwa ndani miezi mitatu, na yeye yuko nje na nywele kama kichaka. Alikuwa amechanga nusu ya pesa ya leseni. Hapa duniani alitaka kitu kimoja tu: mnyororo utoke. Na kama hiyo nusu iliyobaki ingelipwa na watu wa soko la Kiptere, Mungu asifiwe.

Kwa nini Kiptere? Kwa sababu hakuna mtu wa Kiptere aliwahi kunyolewa na yeye.

Alienda cyber akaprinti fomu, akatengenezewa baji yenye picha yake na maneno AFISA WA KULINGANISHA LESENI NA MAENEO. Akaazima koti ya reflekta kwa fundi wa stima. Mtu akivaa reflekta na ashike faili, nchi hii hata kuku humpisha.

Huko Kiptere aliulizia mwenyekiti wa wafanyabiashara, akaonyeshwa hadweya ya Wacuka, yule watu huita Mama Shirley.

"Chamgei, mama," Joram akasalimia kwa Kikalenjin.

"Niongeleshe Kiswahili, usijichokeshe," Wacuka alisema bila kuinua macho. Alikuwa anapima misumari. "Wewe ni wa nini? Kama ni wa kukagua mizani, mwenzako alipita jana."

"Mimi ni wa kusaidia."

"Woi! Hao ndio wabaya."

Joram akacheka kicheko cha ofisi. "Mama, niambie ukweli. Januari biashara hapa huwa aje?"

Hapo alishika penyewe. Wacuka akaweka misumari chini.

"Januari? Januari mtu ananunua msumari mmoja na anauliza kama naweza kumkatia nusu. Pesa yote imeenda shule. Sisi huku tunaona pesa wakulima wakilipwa bonus ya chai, Oktoba. Na leseni inatakwa lini? Januari! Ni kama aliyepanga hiyo maneno hajawahi kuona jani la chai."

"Ndio maana nimetumwa. Leseni yenu italipwa bonus ikitoka. Lakini lazima mtu aandikishwe. Elfu moja tu."

Wacuka aliangalia baji, halafu akaangalia viatu. Viatu vilikuwa na vumbi mpaka kwa kamba.

"Sawa, afisa. Alhamisi nitakuitia watu. Lakini unajua mkutano wa maoni bila soda na mkate, watu watafikiria ni matanga ya mtu maskini."

Joram akauza simu yake nzuri, akabaki na kabambe, kale kasimu ka tochi. Alijiambia huo ni mtaji. Akanunua kreti za soda na mikate kwa duka la Dorcus Adongo pale pale sokoni, kwa bei ya Dorcus, ambayo ilipanda alipoonekana na reflekta.

Alhamisi walikuja watu sitini. Mzee mmoja hakuwa na biashara yoyote, lakini alisema anafikiria kuanza. Walikula kwanza, kwa heshima kubwa. Halafu wakaongea, na hapo Joram akapata shida ambayo hakuipangia: watu walikuwa na maoni.

Gogo Chepngeno, mama mzee wa kuuza mursik, yale maziwa ya kuganda, akasimama na kibuyu chake. "Mimi nafungua siku mbili, siku za soko. Kwa nini nilipie siku saba? Hizo zingine tano ni ng'ombe anafanya kazi, na yeye hajaomba leseni."

Watu wakacheka. Joram pia akacheka.

"Andika," Wacuka akamwambia.

"Nimesikia, mama."

"Kwani ulitumwa kusikia ama kuandika?"

Joram akaandika. Dorcus akasema mambo ya mvua na barabara, Joram akaandika. Yule mzee akasema mambo ya biashara ambayo hajaanza, ikaandikwa pia. Mkono ukamuuma kama amechuna chai kutwa. Zikafika kurasa nne. Maoni ya namba saba aliyataja Wacuka mwenyewe, polepole, neno kwa neno: mfanyabiashara wa Kiptere asitozwe ada yoyote ya biashara, ya jina lolote, kabla ya bonus kutoka. Watu wakapiga makofi. Joram pia akapiga, akaweka saini: Afisa. Akili yake ilikuwa kwa mnyororo.

"Sasa wananchi," akasema, "tunakuja kwa ile elfu moja."

"Na fare?" akauliza Gogo.

"Fare gani, gogo? Si unaishi hapo nyuma?"

"Kijana, hakuna mkutano wa maoni bila fare. Tumeandika majina, tumetoa maoni, sasa inakuja fare. Hata mtoto anajua."

Joram akapiga hesabu haraka. Kwa kila mtu mia mbili itoke, elfu moja irudi. Hiyo si hasara, hiyo ni chambo! Akaenda kwa Dorcus, ambaye pia ndiye wa M-Pesa, akatoa zile za leseni alizochanga, zote. Watu sitini wakapanga laini vizuri. Yule mzee alipanga mara mbili.

"Haya," Joram akasema akijipangusa jasho. "Elfu moja moja."

Wacuka akafungua faili, akavaa miwani, akasoma namba saba kwa sauti ya kanisa. "Ada yoyote, ya jina lolote. Hii saini ni ya nani?"

"Ni yangu, lakini hiyo ilikuwa..."

"Afisa mzima! Unataka kuvunja sheria yako wino haijakauka?"

"Rudi Oktoba, mtoto wangu," Gogo akamwambia kwa huruma. "Kuja hata na gunia."

Joram akanyoosha mkono achukue faili. Wacuka akaikalia.

Alimsindikiza mpaka kwa lami, na kwa njia Joram akauliza, "Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Afisa wa kweli hawezi kuja kwa miguu, tena kabla ya saa nne. Na leo ndio nimehakikisha. Ni afisa gani huyo anaandika kurasa nne?" Akampa soda iliyobaki. "Ya njiani."

Oktoba ikafika, nusu kikombe, hoteli ile ile. Redio ikasema soko la Kiptere ndilo lilileta maoni mazuri kuliko yote, na leseni zake sasa zitalipwa baada ya bonus. Wa siku za soko watalipia siku za soko.

Joram akakimbia mpaka ofisi ya leseni. Karani, jina lake Jackton, akampa fomu, akajaza.

"Mimi pia nataka kulipa baada ya bonus."

"Kinyozi yako iko wapi?"

"Hapa town."

"Hiyo ni ya Kiptere. Nyinyi wa town hamkuleta maoni."

"Lakini hayo maoni ni mimi niliandika!"

Jackton akatoa faili moja kwa kabati, akaiweka kando ya fomu ya Joram, akaangalia mwandiko huu, akaangalia ule.

"Huyo afisa tumemtafuta sana. Wengine hapa wanataka apewe kazi, wengine wanataka apewe seli. Wewe unamjua?"

Joram akafikiria kiti chake cha kuzunguka, kimekaa gizani nyuma ya mnyororo.

"Simjui kabisa. Mimi ni kinyozi tu."

"Basi kinyozi, town ni Januari," Jackton akasema akifunga faili. "Na ukuje na pesa yote."