Fundi Cherehani Anataka Kidole Chake

Jumatatu, 7 Septemba

Jua kali. Chama kimenituma mitaani niulize watu mia mbili watampigia nani kura na wanazionaje takwimu za biashara. Kwa miguu hii hii? Thubutu! Nimejifungia chumbani kwangu, hapa kwa dada, nikawatunga wote. Mtu asiye na kasoro haaminiki, kwa hiyo fundi cherehani nimemnyima kidole gumba, mjane nimemwachia jicho moja. Wote wamefurahi mauzo ya nje yamepanda. Namba za simu nazo nimebuni. Chama chetu asilimia sabini!

Shemeji, mume wa dada, ni upinzani damu. Kasema mauzo yamepanda, lakini tunavyonunua nje vimepanda zaidi. Nikamwambia asinisomeshe. Akanikumbusha kwamba nisipopata kazi ya kudumu mwezi huu, nihame kwake. Tutaona nani atahama!

Jumanne, 8 Septemba

Balaa. Kumbe bosi wa kampeni huwapigia simu baadhi ya watu kuhakiki! Nimekaa mbele yake, akabonyeza namba ya fundi. Namba ya kubuni. Ikapokelewa.

Bosi kasema fundi amethibitisha kila kitu, ila anauliza kidole chake nimekiweka wapi. Akacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa. Lakini Mungu si Athumani! Kaahidi kwamba takwimu zikisimama hadi Jumamosi, mkuu wa utafiti ni mimi.

Alhamisi, 10 Septemba

Mchana kweupe dada kaniita, eti nina wageni. Wamejaa uani hadi nje ya geti, kimya. Nguo za dada kwenye kamba zina vivuli. Wao hawana.

Fundi aliuliza yeye anauza nini huko nje hata afurahi. Mjane akanikazia jicho lake. Niliogopa, nakiri. Shemeji je? Kawatolea viti, kaanza kuwaeleza habari za bidhaa tunazoagiza. Wanamsikiliza. Msaliti mkubwa!

Ijumaa, 11 Septemba

Bosi kapiga simu kuhakiki tena. Wote wamehamia upinzani! Kanipa siku moja nilete maoni ya watu wapya, la sivyo nisikanyage tena ofisini. Wale wa kwanza bado wako uani. Hawali, hawanywi, hawapepesi macho. Shemeji kasema ni wageni wenye adabu kuliko mimi.

Jumamosi, 12 Septemba

Akili ni mali! Kosa langu nimeliona: niliwapa miguu. Asubuhi nimetunga wengine mia mbili, chama chetu asilimia tisini, na hakuna hata mmoja mwenye miguu. Waje tuone! Bosi kapiga simu moja tu, karidhika. Mkuu wa utafiti ni mimi!

Nimemwambia shemeji aanze kunipa heshima yangu. Alikuwa dirishani anatazama barabarani, tena anatazama chini. Kisha akamshika dada mkono, wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Hata viatu hawakuvaa. Wivu tu huo.

Kuna mtu anabisha hodi. Anabisha chini kabisa, karibu na sakafu. Atakuwa mtoto wa jirani. Ngoja nimfungulie, nimpe habari njema.