Yah: Dokta Anayechungulia Ndani ya Vyuma Vyetu

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kile kikohozi kimepungua. Mimi ni Twalib, mchomeleaji wa mageti na madirisha hapa Chang'ombe. Namshtaki kwako Dokta Audax, mpangaji wa Bi Mwanaheri, mtafiti wa mambo ya umeme chuo kikuu. Kazi yake, kwa alivyonieleza mwenyewe, ni kutafuta ufa ndani ya chuma bila kukivunja. Ana koili ndogo ya waya. Akiipitisha juu ya chuma, umeme huzunguka humo ndani, na ukikuta ufa hupinda njia, naye akauona kwenye skrini. Sina ugomvi na elimu. Ugomvi wangu ni huu:

1. Anavuruga utaratibu. Tangu enzi za mwalimu wangu wa kazi, geti hujipima lenyewe: likianguka, lilikuwa bovu, lisipoanguka, ni zima. Kipimo hiki hakina longolongo. Huyu anataka kujua kabla halijaanguka. Haraka ya nini?

2. Anashughulika na chuma bila kukishika. Hushinda barazani na kompyuta, akikokotoa umeme utapitaje kwenye vyuma vya watu. Nilipochungulia, nikakuta geti langu limechorwa humo kwa nyekundu na buluu. Akasema penye nyekundu ndipo patakapokatika. Na kweli likakatikia hapohapo, Mwenyekiti, jambo linaloonyesha wazi kwamba aliliombea mabaya.

3. Hana sitara. Sisi mafundi tukishachomelea, tunapaka puti ya kuziba matundu, tunapiga msasa, kisha rangi ya silva, chuma kinang'aa kama bwana harusi. Koili yake inapita juu ya vyote hivyo kama haivioni. Mwenyezi Mungu mwenyewe ni Msitiri. Dokta ni nani hata afichue aibu za madirisha? Tena hufanya hivyo kwa adabu, na ndicho kinachoniuma zaidi. Juzi, mbele ya mteja, alinipa shikamoo, kisha akasema, "Mzee wangu, hapa ndani pana ufa."

4. Maradhi yameingia hadi nyumbani. Mke wangu Zubeda alimuuliza kama koili hiyo inaweza kupitishwa juu ya mume. Akajibiwa kwamba inafanya kazi kwenye vyuma tu. Zubeda akasema basi itafaa.

Kwa hiyo naomba apigwe marufuku kupima chochote kilichokwisha kupakwa rangi. Ikishindikana, ahamishiwe Kimara, ambako sina wateja.

Nisalimie Mama Noela, mjumbe Marselino na wote hapo ofisini. Waambie sisi huku kwa nje tu wazima. Ya ndani wamuulize Dokta.

Wako katika ujenzi wa mtaa,
Fundi Twalib

Tanbihi: Barua hii usiisome kwanza kwenye kikao. Jumatatu mjukuu wangu Rukaiya anaanza chekechea, na bembea ya pale niliichomelea mimi. Nimeigonga kwa nyundo, mlio mzuri. Nimeikalia mwenyewe na tumbo langu hili, mwalimu akanicheka, na nguzo za bembea hazikutikisika. Bado roho haijatulia, naogopa. Nimekwenda hadi mlangoni kwa Dokta, nikaona haya, nikageuka. Wewe anakusikiliza. Mwambie aje na koili yake kabla watoto hawajaingia, na rangi aikwangue yote akitaka.