Ombi la Kurudishiwa Maji ya Chumvi

Ndugu Meneja wa Maji,

Natumaini hapo ofisini hakuna mwenye kiu. Mimi ni mkulima wa mchicha nyuma ya karakana ya magari, na kwa heshima zote nalalamikia maji safi mliyotuunganishia.

1. Nilipomwagilia kwa maji ya kisima, yale ya chumvi, mchicha ulikua kwa kusitasita. Majani madogo, kingo zimeungua, nami napata muda wa kupumzika. Sasa nikikata, kabla sijanyoosha mgongo, mchicha umeshachipua.

2. Wateja walizoea mboga iliyojitia chumvi yenyewe tangu bustanini. Seremala jirani yangu anasema nimeibadilisha makusudi, ili nimkomoe.

3. Hili ndilo zito. Mama mkwe alikuja kwetu hoi. Daktari alisema damu imepungua, ale majani ya kijani kwa wingi. Nilimpokea kwa moyo mweupe, nikijua kwa mboga zile atajilaza sebuleni na jiko litabaki langu. Mara mkaleta maji yenu. Majani yakawa mapana kama sinia, mama akala, akainuka. Amehamisha sufuria zangu zote. Amepaka choo rangi. Juzi amemkimbiza mwizi wa kuku hadi barabarani, akarudi na kuku pamoja na kiatu cha mwizi. Mume wangu anatembea kifua mbele mtaa mzima, na mimi siulizwi tena hata tunapika nini.

4. Jogoo naye anakula masalia ya mboga hizo, na namna anavyonitazama siipendi.

Kwa hiyo naomba mfunge bomba langu. Ikishindikana, mnipatie maji mabaya ya wastani, yatakayomwezesha mama mkwe kukaa lakini si kusimama.

Nisalimie wasoma mita wote, na mlinzi wa getini aliyenizuia kuingia.

Wako katika kero,
Mwenye bustani nyuma ya karakana

N.B. Mama mkwe amenikuta naandika. Ameisoma yote bila miwani. Akasema, “Mwanangu, kama nakukera, Jumamosi naondoka.” Ndugu Meneja, nimelia mpaka nikaunguza wali, na yeye ndiye aliyepika mwingine. Usifunge chochote. Tuma fundi upesi, bomba linavuja pale kwenye kiungio, na maji haya hatutaki yapotee hata tone.